Kabla ya kulilaumu jua la Dodoma, hesabuni kalsiamu ya kwenye sahani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tujibu makala ya ukurasa wenu wa afya iliyoeleza kwamba mtoto wa Dodoma mwenye matege, yaani mifupa laini inayopinda, amekosa jua, na kwamba tiba yake ni kuanikwa jua la asubuhi na kupewa matone ya vitamini D. Nusu ya maelezo hayo ni sahihi, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza wazazi. Vitamini D si tofali la mfupa. Kazi yake kubwa ni kuufungulia utumbo mlango ili madini ya chokaa, yaani kalsiamu, yaingie kwenye damu. Sahani isipokuwa na kalsiamu, mlango unakaa wazi na hakuna anayepita.

Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi. Jua hapa si bidhaa adimu. Kwa mtoto aliyeletwa kliniki miguu imepinda, maswali ya mwanzo yawe matatu: anakula nini, anakunywa maji ya wapi, na anameza dawa gani. La jua lifuate.

Mtu aliyelithibitisha hili mahali panapofanana na kwetu ni Thomas Thacher, daktari Mmarekani aliyefanya utafiti wa matege kwa miaka mingi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Jos, Nigeria. Jos nayo iko kwenye uwanda wa juu, jua lipo mwaka mzima, na chakula cha watu ni nafaka. Kabla ya hapo vitabu vilikuwa na jibu moja, na jibu hilo lilitoka kwenye nchi za baridi. Mwaka 1919 huko London, Edward Mellanby aliwalisha watoto wa mbwa uji wa oti wakiwa wamefungiwa ndani, wakapata matege, akawaponya kwa mafuta ya ini la samaki. Mwaka huohuo Kurt Huldschinsky mjini Berlin aliwaponya watoto kwa taa ya mionzi ya urujuanimno. Alimulika mkono mmoja tu, na mkono wa pili nao ukapona, ikajulikana kwamba kinachotengenezwa kwenye ngozi husafiri na damu. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Baltimore aliyapasha moto mafuta ya ini huku akiyapulizia hewa hadi vitamini A ikaharibika, lakini mafuta yakaendelea kuponya matege. Kilichosalia ndicho kikaja kuitwa vitamini D. Kazi zote tatu ni safi kabisa, ila ni za miji ambayo majira ya baridi mtoto halioni jua kwa miezi. Kanuni ikasafirishwa hadi Afrika kama ilivyo, bila kuuliza kama na tatizo limesafiri nayo.

John Pettifor wa Johannesburg alianza kuuliza mwaka 1978, alipoona watoto wa vijijini Afrika Kusini wana matege ilhali wanashinda juani. Thacher, akishirikiana na Pettifor na daktari wa watoto Philip Fischer, akalifanyia jaribio ambalo majibu yake yalichapishwa mwaka 1999. Walichukua watoto 123 wenye matege, umri wa katikati miezi 46. Umri huo ushikeni, tutaurudia. Kundi la kwanza lilipigwa sindano ya vitamini D, yuniti 600,000 mwanzoni na nyingine kama hiyo wiki ya 12. La pili lilipewa kalsiamu miligramu 1,000 kila siku. La tatu likapata vyote viwili. Baada ya wiki 24, waliokuwa wamekaribia kupona kabisa, kwa picha ya eksirei na kwa kipimo cha damu, walikuwa asilimia 19 katika kundi la sindano, 61 katika kundi la kalsiamu, na 58 katika kundi la vyote viwili. Kalsiamu peke yake iliponya sawa na kalsiamu iliyoongezewa vitamini D. Vitamini D peke yake iliachwa mbali, tena kwa dozi ambayo hakuna mzazi anayeweza kuifikia kwa matone ya dukani.

Haki ya utafiti huo haitendeki bila kutaja kipande kinachorukwa mara nyingi. Watoto wagonjwa walikuwa wakila kalsiamu miligramu 203 kwa siku. Watoto wazima wa jirani, waliochukuliwa kwa kulinganisha, walikuwa wakila 196. Njaa ya kalsiamu ilikuwa ya mtaa mzima, lakini si kila mtoto aliyepinda. Kuna miili inayohimili na mingine isiyohimili, kwa hiyo msimwambie mama kwamba angemlisha kama jirani yake mtoto asingeugua. Huenda alimlisha hivyohivyo. Ila aliyekwisha kuugua, kalsiamu ndiyo iliyomponya. Baadaye Thacher na wenzake walijaribu vitu vya bei ndogo, unga wa mawe ya chokaa na unga wa samaki wakavu waliosagwa na mifupa yao. Kwa miezi sita, watoto wengi wa makundi yote mawili walipona.

Sasa umri. Matege ya kukosa vitamini D huanza mapema, mtoto angali ananyonya, mara nyingi kabla ya mwaka mmoja na nusu, kwa kuwa maziwa ya mama yana vitamini D kidogo hata kama mama ana afya. Matege ya kukosa kalsiamu huja baadaye, mtoto akishaachishwa ziwa na kuhamia kwenye ugali. Maziwa yalikuwa yakimpa kalsiamu, ugali haumpi. Muuguzi akiona mtoto wa miaka mitatu au minne, anacheza nje kutwa, kifundo cha mkono kimetanuka, asianze na jua.

Yako mazingira ambamo hayo mawili huingiliana, na hapo ndipo kipimo cha damu humdanganya msomaji wake. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, tezi nne ndogo za shingoni, kila moja kama punje ya mchele, hutoa homoni inayoiamuru figo igeuze vitamini D iliyohifadhiwa kuwa ile yenye nguvu. Mwaka 1987 Clements, Johnson na Fraser walionyesha kwa panya kwamba hali hiyo huharakisha kuteketea kwa akiba ya vitamini D. Maana yake mtoto anaweza kuwa juani kila siku, akapimwa, akakutwa vitamini D iko chini, kumbe imeliwa na njaa ya kalsiamu. Ukimpa matone bila kurekebisha chakula, unajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Kuhusu jua lenyewe, Tanzania ina ushahidi wa nyumbani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, Martine Luxwolda, Remko Kuipers na Frits Muskiet, waliwapima Wamasai 35 na Wahadzabe 25, na mwaka 2012 wakachapisha majibu ya vitamini D ya damuni: wastani wa nanomoli 115 kwa lita, Wamasai 119, Wahadzabe 109, ilhali zaidi ya 50 inatosha. Hakuna kidonge hapo. Na watu hao hawajianiki. Saa za jua kali hutafuta kivuli, na Mmasai hujifunika shuka. Kutembea na kufanya kazi nje kunawatosha.

Ushauri wa kumwanika mtoto saa moja asubuhi unatolewa kwa nia njema lakini haufanyi kazi iliyokusudiwa. Mionzi inayotengeneza vitamini D huchujwa na hewa jua likiwa chini. Kipimo chake ni kivuli: kikiwa kirefu kuliko mtu, mionzi inayofika ni kidogo mno. Kwa Dodoma jua huwa juu kabisa yapata saa sita na nusu mchana, kwa hiyo mwezi Machi na Septemba kivuli hulingana na urefu wa mtu karibu saa tatu na dakika arobaini na tano asubuhi. Mwezi Juni inasogea hadi kama saa nne na dakika ishirini. Kwa mtoto anayetembea, dakika 10 hadi 15 kuanzia hapo, mikono na miguu ikiwa wazi, zinatosha. Hatusemi mchana kutwa. Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita asiwekwe kwenye jua la moja kwa moja. Huyo ndiye hasa wa kupewa matone, yuniti 400 kwa siku hadi atimize mwaka. Mwenye ualbino hapaswi kabisa kutafuta vitamini D juani, apate ya chupa, kwa kuwa jua linalompa mwingine vitamini linampa yeye saratani ya ngozi. Kioo nacho huzuia mionzi hiyo, kwa hiyo anayeota jua dirishani kwenye ofisi za serikali za Mtumba anapata joto tu.

Wanaokosa jua kweli hapa kwetu wapo, na wanajulikana: mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayelazwa ndani siku nzima, mgonjwa wa kitandani, mfungwa, mwanamke anayejifunika mwili wote na kazi zake ni za ndani. Waongezeni wanaotumia dawa za kifafa kwa miaka, hasa fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, na wale wa rifampisini ya kifua kikuu. Dawa hizo huliamsha ini liivunjevunje vitamini D upesi. Hawa wapewe vitamini D bila mabishano.

Tuje kwenye sahani, ambako ndiko tungependa ukurasa wenu ungetumia wino mwingi. Lengo kwa mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja ni kupita miligramu 500 za kalsiamu kwa siku, na akiwa chini ya 300 yuko hatarini. Mchukueni mtoto wa miaka minne anayekula uji wa mahindi asubuhi, gramu 40 za unga, kisha ugali mchana na jioni, jumla gramu 200 za unga. Unga wa mahindi una miligramu zisizozidi 10 kwa kila gramu 100. Unga wote wa kutwa umempa kama 20. Mtama na uwele ni nafuu kidogo tu kwa kalsiamu, ingawa kwa mengine vinaushinda unga wa sembe kwa mbali. Nusu kikombe cha maharage humpa kama 40. Mchicha kwenye karatasi una kalsiamu nyingi, lakini umejaa oksalati inayoishika isisharabiwe, hivyo hesabu yake nusu ni hewa. Sukuma wiki na majani ya kabichi yaliyo ya kijani hayana tatizo hilo. Ndivyo mtoto anavyoshiba, hana njaa, hana utapiamlo wa kuonekana kwenye kipimo cha mkono, na mifupa yake inapokea miligramu 150 au 200.

Badilisheni vitu vitatu tu. Uji uwe wa ulezi mtupu: ulezi una takriban miligramu 344 kwa gramu 100, kwa hiyo gramu 40 zinatoa 138. Dagaa waliosagwa, vijiko viwili vya chakula, yaani gramu 14 hivi, hutoa 200 na zaidi. Nusu kikombe cha maziwa au mtindi, mililita 125, hutoa 150. Pamoja na maharage yaleyale mtoto amevuka 500, na hakuna kilichonunuliwa duka la dawa.

Hapa yako makosa tunayoyaona yakirudiwa. La kwanza ni unga wa lishe wa nafaka sita au saba. Mama anaambiwa kadiri vitu vinavyoongezeka ndivyo unga unavyokuwa bora. Ukigawa sawa kwa sita, ulezi umebaki sehemu moja, na ile 138 ya uji wa asubuhi imeshuka hadi 23. Soya huongeza kidogo, mchele na ngano hazina la kuongeza kwenye kalsiamu. Tena karanga na mahindi vikikaa kwenye mchanganyiko huo wiki kadhaa, vinaualika ukungu. Dodoma na Manyara hazijasahau sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ya mwaka 2016. Tunashauri ulezi usagwe peke yake, na karanga zisagwe za siku hiyo na kutiwa sufuriani wakati wa kupika.

Kosa la pili liko kwa dagaa. Kalsiamu iko kwenye mifupa na vichwa, na vichwa ndivyo vinavyokatwa na kutupwa kwa sababu ya uchungu. Dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga, na mchanga ukisagwa hautoki tena. Wachague, waoshe mara tatu kwa maji ya uvuguvugu ukiwatoa kwa mkono ili mchanga ubaki chini, waanike hadi wakauke kabisa, kisha wakaange bila mafuta kwa moto mdogo dakika tano hadi kumi, mpaka kichwa kinavunjika kwa vidole. Uchungu hupungua sana hapo. Twanga kwenye kinu, ukichekecha kilichobaki juu ya chekeche kirudi kinuni, kisitupwe, maana hicho ndicho mfupa. Unga wa dagaa uwekwe kwenye chombo kikavu chenye kifuniko na usizidi wiki mbili. Ukinuka mafuta yaliyochacha, umeharibika. Utie kwenye mlenda au mchuzi mwishoni, sio kwenye uji wenye sukari, mtoto atakataa na atakuwa na haki yake.

Kosa la tatu ni fitati, kitu kilichomo kwenye ganda la nafaka kinachoishika kalsiamu kama oksalati inavyofanya. Bibi zetu walikuwa na jibu: kimea. Loweka ulezi usiku kucha, saa 12, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili ukiunyunyizia maji asubuhi na jioni. Vichipukizi vikitoka, anika, usage. Kuota huko huivunja fitati, na kijiko kimoja cha kimea kwenye uji mzito huufanya uwe mwepesi bila kuongeza maji, hivyo mtoto anakunywa chakula zaidi kwa tumbo lilelile. Ukitumia mtama badala ya ulezi, chipukizi na mizizi lazima vipukuswe vyote baada ya kukauka, kwa kuwa chipukizi la mtama hubeba kemikali inayotoa sumu ya sayanidi. Hili si la kupuuzwa.

Ubuyu, kwa kuwa tutaulizwa: unga wake mweupe unazo kama miligramu 300 kwa gramu 100, lakini nani anakula gramu 100? Kijiko ni 30. Ni nyongeza nzuri. Ule mwekundu wenye sukari na rangi unaouzwa kwenye vipakiti ni pipi. Na udongo wanaotafuna wajawazito hauhesabiki kama chokaa hata kidogo, huzuia madini ya chuma na unaweza kuwa na risasi. Ukoko mweupe wa kwenye birika, huo kweli ni chokaa ya maji yetu ya kisima, ila haina maana uukwangue.

Maji yana habari yake nyingine. Baadhi ya visima vya Kanda ya Kati, hasa kuelekea Singida, vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi ikizidi huuharibu mfupa unaokua, na madhara huwa mabaya zaidi mtoto akiwa na njaa ya kalsiamu. Miguu yake inaweza kupinda ukadhani ni matege ya kawaida, na vitamini D haitamsaidia. Fungua mdomo uangalie meno ya utu uzima: yakiwa na madoa ya kahawia au vijishimo, ulizia kisima. Ulizia na magadi. Magadi yanayolainisha maharage na kuvutisha mlenda mengi yanatoka ziwani, kwenye maji yenye floraidi, na mtoto anaweza kunywa maji salama akapata floraidi chunguni. Maharage yaliyolowekwa usiku hayahitaji magadi, na mlenda unavutika wenyewe ukipigwa vizuri kwa upekecho.

Si kila mguu uliopinda ni ugonjwa, nalo makala ingelisema ingewaokoa wazazi wengi pesa. Mtoto wa chini ya miaka miwili kwa kawaida miguu yake imepinda kwa nje. Akifika mitatu au minne magoti hugeuka na kugusana, na kufikia miaka saba hunyooka. Mlaze chali, vifundo vya miguu vigusane, pima nafasi kati ya magoti. Ikizidi sentimita 6, au magoti yakigusana vifundo vikaachana zaidi ya sentimita 8, apelekwe hospitali. Apelekwe pia bila kupima ikiwa mguu mmoja tu umepinda, ikiwa vifundo vya mikono vimetanuka, ikiwa mbavu zina vivimbe kama shanga zilizopangwa mbele ya kifua, au ikiwa amepata degedege bila homa. Degedege hilo laweza kuwa kalsiamu iliyoshuka damuni, na hiyo ni dharura.

Huko hospitali, picha ya eksirei ya kifundo cha mkono na goti ndiyo inayoamua, pamoja na kalsiamu, fosforasi, kreatinini na kimeng'enya cha alkalini fosfatesi. Mwisho wa mfupa wenye matege huonekana umebonyea kama kikombe na kingo zake zimechakaa kama pindo la kanga kuukuu. Kipimo cha vitamini D kifuate baadaye, si kabla. Hicho ni ghali, na ndicho kinachosomwa vibaya kuliko vyote, kwa sababu maabara hutoa majibu kwa vizio viwili tofauti. Nanogramu 1 kwa mililita ni sawa na nanomoli 2.5 kwa lita. Majibu ya 28 kwa nanogramu ni 70 kwa nanomoli, mtu asiye na upungufu wowote. 28 hiyohiyo kwa nanomoli ni upungufu. Karatasi isiyo na kizio irudishwe maabara, isisomwe.

Matege yakithibitika, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2016 unataka vitamini D pamoja na kalsiamu, siyo kimoja. Chini ya mwaka mmoja, yuniti 2,000 kila siku. Mwaka mmoja hadi 12, yuniti 3,000 hadi 6,000. Siku 90 bila kukatiza. Na kalsiamu miligramu 500 kila siku, ya chakula au ya kidonge. Mnaponunua kidonge, someni maandishi madogo. Kabonati ya kalsiamu miligramu 1,250 ina kalsiamu halisi 500, asilimia 40 tu, hivyo kidonge kilichoandikwa 500 za kabonati kinampa mtoto 200. Kimezwe na chakula. Kisimezwe pamoja na vidonge vya damu, maana chuma na kalsiamu hugombania mlango mmoja. Viachane saa mbili au zaidi. Matone nayo yana mtego: chupa moja ina yuniti 400 kwa tone, nyingine 400 kwa mililita nzima. Aliyezoea ya pili akinunua ya kwanza, bomba la mililita moja linampa mtoto dozi mara nyingi ya iliyokusudiwa. Kutapika, choo kigumu, kiu na kukojoa kupita kawaida ni dalili za kalsiamu kupanda, na matone yasimame hapohapo.

Miguu hainyooki ndani ya siku 90. Picha huonyesha mstari mweupe wa uponaji baada ya wiki chache, damu hutulia baada ya miezi, na miguu huendelea kunyooka kwa mwaka na zaidi. Upasuaji wa kuinyoosha kabla ugonjwa haujapona hurudisha mpindo uleule. Na asiyeonyesha mabadiliko yoyote kwenye picha baada ya miezi mitatu ya dawa zilizomezwa kweli apelekwe kwa bingwa, kwa kuwa kuna matege ya kurithi yanayopoteza fosforasi kupitia figo, na hayo yana tiba yake tofauti.

Kwa watu wazima tutapita haraka, maana makala yenu iliwashauri wote wanywe vidonge. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2022, watu 25,871, yuniti 2,000 kwa siku kwa zaidi ya miaka mitano, haukupunguza kuvunjika mifupa kwa wasio na upungufu. Australia mwaka 2010 walitoa yuniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka kwa wanawake 2,256 wenye miaka 70 na zaidi, na waliopewa dawa wakaanguka na kuvunjika zaidi ya wasiopewa. Mwenye upungufu atibiwe. Mwenye afya, pesa hiyo anunue maziwa. Kwa wajawazito mambo ni tofauti: huko Gambia Ann Prentice na wenzake waliwapa kalsiamu wanawake waliozoea kula kidogo, na mifupa yao haikunufaika kama ilivyotarajiwa. Lakini wajawazito hupewa kalsiamu kwa sababu nyingine, kuzuia shinikizo la damu la ujauzito linaloleta kifafa cha mimba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, wajawazito 11,000 wa Dar es Salaam na 11,000 wa India, uliona kwamba miligramu 500 kwa siku hazikuzidiwa na 1,500 katika kuzuia hilo. Aliyeandikiwa kliniki asiache.

Mwisho, jedwali la makala yenu liliandika kwamba chini ya 30 ni upungufu, bila kizio. Tunaomba lirekebishwe toleo lijalo hivi: chini ya nanomoli 30 kwa lita, sawa na nanogramu 12 kwa mililita, ni upungufu, 30 hadi 50 kwa nanomoli, yaani 12 hadi 20 kwa nanogramu, ni pungufu kiasi, juu ya hapo inatosha. Wapo wasomaji waliokwisha kulikata na kulibandika ukutani.

Wataalamu wa lishe na maabara,
Dodoma.